Kanieneo: Makali ya Patasi na Ubao Juu ya Tope

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa mbele. Nashukuru kuniitikia wito hapa Mkunguni. Nimekuja na patasi hii ya kuchongea milango, na siiweki chini mpaka tumalize hesabu yake.

Kiswahili kimetupa neno zuri katika fizikia: kanieneo. Kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, kisha eneo. Neno lenyewe lakuambia la kufanya: chukua kani, igawanye kwa eneo. Kani kwa nyutoni, eneo kwa mita za mraba, jibu ni paskali. Jina hilo latokana na Mfaransa Blaise Pascal, aliyezaliwa 1623. Paskali moja ni kitu kidogo mno. Embe la gramu 100 lina uzito wa karibu nyutoni 1. Lisage, ulipake sawasawa juu ya mkeka wa mita moja kwa mita moja: hiyo ndiyo paskali 1.

Haya, tazameni. Patasi hii ina upana wa milimita 20. Makali yake, ikinolewa vizuri, tuyakadirie unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Zidisha: milimita za mraba 2. Fundi anaisukuma kwa nyutoni 100. Hapa ndipo wanafunzi wangu hukwama kila mwaka, na huniuma, kwa sababu kani wameipata sawa. Wanagawanya 100 kwa 2, wanaandika paskali 50, wanafunga daftari. Jamani, maembe 50 yaliyopakwa mkekani hayatoboi hata karatasi! Mita moja ina milimita 1,000, ndiyo. Lakini mita ya mraba ina urefu na upana, 1,000 mara 1,000, yaani milimita za mraba 1,000,000. Basi eneo letu ni mita za mraba 0.000002, na jibu ni paskali 50,000,000.

Sasa geuza patasi, tazama kitako cha mpini. Kinagusa kiganja kwa sentimita za mraba 10 hivi, yaani mita za mraba 0.001. Kani ni ile ile 100. Kanieneo ni paskali 100,000 tu. Ndiyo maana mti unakatika na kiganja kisidhurike. Makali yakilika yakafika nusu milimita, fundi atahitaji nyutoni 500 kupata kazi ile ile. Kinoo kinampunguzia eneo, naye anapumzisha mkono.

Waliokwenda kukata boriti mikokoni wanajua upande wa pili. Maji yamekupwa, tope tupu. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600, tukihesabu nyutoni 10 kwa kila kilo. Akikanyaga kwa mguu mmoja wenye sentimita za mraba 150, ni paskali 40,000, na mguu unazama. Mlazie ubao wa mita 2 kwa sentimita 25, eneo nusu mita ya mraba. Akisimama katikati, paskali 1,200.

Naona mkono umeinuliwa kule. Na uzito wa ubao, je? Umeuliza vyema, mwanangu. Nao unalikalia tope. Pima kilo zake, zidisha kwa 10, jumlisha na 600 ndipo ugawanye. Njoo, mizani hii hapa.