Nani Ametumia Tokeni Hizi?

Ahsante, Mwenyekiti. Ndugu zangu waandishi wa programu, tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo modeli ya akili mnemba husoma na kuandika nasi tukavilipia, mnazijua, sitaanzia huko. Naanza na swali ninalouliza kila ofisi inayoniita kukagua mfumo wake wa akili mnemba: katika bili ya mwezi uliopita, wakala gani, yaani programu inayoiita modeli hatua kwa hatua hadi kazi iishe, alitumia kiasi gani, na kwa kazi ya mteja yupi? Ninachopewa ni jumla tu. Tena jumla yenyewe ya dola, imetoka kwa mhasibu.

Wengi wenu mmeishi nyumba za kupanga. Mita ya LUKU moja, vyumba sita. Uniti zikiisha kabla ya siku zake, macho yote yanamgeukia mwenye friji, na mwenye jiko la umeme ananyamaza. Mifumo yenu mmeifunga hivyohivyo: ufunguo mmoja wa API, ule mlango ambao programu zenu hupitia kuita modeli, na mawakala watano nyuma yake. Analaumiwa anayeandika majibu marefu kwa kuwa kazi yake inaonekana. Mara nyingi mlaji mkubwa ni yule anayesoma.

Hapa twende polepole, maana ndipo fedha inapopotelea. Modeli haikumbuki chochote kati ya ombi moja na jingine. Wakala akifika hatua ya pili anatuma upya maelekezo yote, orodha nzima ya zana anazoweza kuzitumia, na yote yaliyotokea hatua ya kwanza. Ya tatu, anatuma tena vyote. Shikeni kalamu. Tuseme anaanza na tokeni 5,000 za maelekezo na zana, na kila hatua inaongeza 2,000. Baada ya hatua 20, maandishi yenyewe hayazidi tokeni 45,000. Lakini zilizoingia kwenye modeli, ukijumlisha maombi yote, ni 480,000. Sasa mwache aende hatua 40. Nasikia mtu anasema 960,000. Hapana! Ni 1,760,000. Kwa bei ya dola 3 kwa kila tokeni milioni za kuingia, kazi moja imetoka dola 1.44 ikafika 5.28, na bado hatujagusa tokeni za kutoka. Zidisheni kwa idadi ya wateja wenu wa siku moja.

Kuna kampuni moja, jina nalihifadhi, ambayo wakala wake wa kutafuta oda alikuwa akirudishiwa ukurasa mzima wa tovuti, pamoja na menyu, matangazo na msimbo wake wote. Alichohitaji ni namba ya oda na hali yake. Ukurasa ule ulikaa kwenye historia na kubebwa kila hatua hadi mazungumzo yaishe. Wakati huohuo mafundi wao walikuwa wanahangaika kufupisha majibu ya wakala anayeandika! Nikaomba kumbukumbu za kila ombi. Hazipo. Ikabidi tuanze kurekodi, tusubiri data ijae, ndipo tumwone mlaji.

Hili linanikera kwa sababu namba hizo mnaletewa bure. Kila jibu la API linakuja na hesabu ya matumizi yake, nanyi mnaitupa. Ihifadhini: saa, wakala, namba ya kazi, ombi lililozaa ombi hili, modeli, tokeni zilizoingia, zilizotoka, zilizosomwa kwenye kache, ile akiba ya maandishi ambayo modeli imeshayasoma, na zilizoandikwa humo. Mstari mmoja kwa kila ombi, basi. Maandishi ya mteja msiyaweke, ukaguzi huu hauyahitaji. Na wakala asiye na namba ya kazi asiruhusiwe kabisa kuita modeli.

Mtaniambia dashibodi ya mtoa huduma, ule ukurasa wake wa matumizi, inatosha. Dashibodi inajua ufunguo, modeli na tarehe. Mteja wako haimjui, wala haijui kwamba wakala wa tatu aliitwa na wa kwanza mara kumi kwa swali lilelile.

Mtaniambia bei zinashuka. Zinashuka, ndiyo. Lakini Anthropic wenyewe, wanaouza modeli hizi, waliandika Juni 2025 kwamba katika mifumo yao wakala hutumia tokeni takribani mara 4 ya mazungumzo ya kawaida, na mfumo wa mawakala wengi takribani mara 15. Punguzo gani la bei litaifikia kasi hiyo?

Mtaniambia kache itatuokoa. Inaokoa sana ikifanya kazi: kwa Anthropic, kusoma kache ni sehemu ya kumi ya bei ya kuingia. Lakini kuiandika kunazidi bei ya kawaida kwa robo, na kwa kawaida inadumu dakika 5 tu tangu ilipotumika mara ya mwisho. Halafu inalinganisha maandishi kuanzia mwanzo. Fundi mmoja akiweka saa na sekunde juu kabisa ya maelekezo, kila ombi linakuwa jipya na kache haisomwi. Bila safu ya kache kwenye kumbukumbu zenu mtalijuaje hilo?

Tena angalieni mnavyojumlisha. OpenAI, watoa huduma wengine, wanazihesabu tokeni za kache ndani ya zile za kuingia, Anthropic wanazitenga. Anayetumia wote wawili kwa fomula moja, ripoti yake ni ya uongo hata kama jedwali lake linapendeza.

Naona nimebakiwa na dakika chache. Upesi: tokeni za kufikiri, zile modeli inazojiandikia kabla ya kujibu, zinalipiwa kama za kutoka hata usipoziona. Jibu likija vipandevipande, hakikisheni hesabu ya mwisho inafika. Muunganisho ukikatika, wekeni alama kwenye mstari ule, msiandike sifuri. Ukomo wa tokeni wa kila kazi uwekwe kabla ya ombi kutumwa.

Na lugha. Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza kwa maana ileile, kwa hiyo mteja anayeuliza kwa Kiswahili anawagharimu zaidi, na hakuna ofisi niliyoikuta inapima kwa kiasi gani. Ongezeni safu ya lugha kwenye ule mstari. Karibuni maswali.