Karnataka walimpa Modi mgongo, mwaka uliofuata wakampa kura

Haya wadau, karibuni tena Bengaluru, hapa India. Leo hakuna soko wala mapishi, mnivumilie. Kila nikiweka video lazima mtu aniulize, "Dada, huko kwa Modi mambo yanaendaje?" Jamani, Modi ni waziri mkuu wa India nzima, mimi namwona kwenye TV kama mnavyomwona ninyi mlioko Mbagala. Polisi wa mtaani kwangu, hospitali ya serikali, mabasi ya mjini, ardhi, kilimo, vyote hivyo viko chini ya serikali ya jimbo, yaani hapa Karnataka. Delhi, yaani serikali kuu, wana jeshi, mambo ya nje, sarafu na reli. Na serikali ya jimbo ina uchaguzi wake, wenye hasira zake.

Msidhani ni kauchaguzi ka mtaa. Sensa ya India ya 2011 ilikuta Karnataka ina watu milioni 61. Sisi Tanzania nzima, sensa ya 2022, tulikuwa milioni 61 na ushee. Bunge la jimbo lina viti 224. Mwenye viti 113 anaunda serikali na kutoa waziri kiongozi. Huyo haletwi kwa uteuzi kama mkuu wa mkoa kwetu.

Sasa twende 2023. BJP, chama cha Modi, ndicho kilichokuwa kinaongoza hapa. Wakandarasi walikuwa wamelalamika hadharani kwamba wanadaiwa rushwa ya asilimia 40 kwenye kazi za serikali. Arobaini! Sisi tukisikia teni pasenti tunashika kichwa. Serikali ikakana, lakini wapinzani wao, chama cha Congress, hawakulaza damu. Tangu Septemba 2022 walishabandika mjini mabango yenye sura ya waziri kiongozi Basavaraj Bommai ndani ya ile alama ya mraba unayoiskani ukilipa kwa simu, na maandishi "PayCM", yaani mlipe waziri kiongozi. Huku hata muuza madafu ana alama ile kwenye mkokoteni wake, kwa hiyo utani ule haukuhitaji maelezo.

Siku chache kabla ya kura Modi akaja mwenyewe, akapita barabara za Bengaluru juu ya gari, kilomita na kilomita, anamwagiwa maua. Tarehe 10 Mei watu wakapiga kura. Maduka ya pombe yanafungwa saa 48 kabla, ni sheria, na wapo wanaonunua mapema wakaweka ndani, majina sitaji. Wino wanaopakwa kidoleni unatengenezwa humuhumu jimboni, Mysuru, tangu uchaguzi wa 1962. Matokeo yakatoka tarehe 13: Congress 135, BJP 66, na chama cha hapahapa, JD(S), 19. Baada ya siku kadhaa za kuvutana ndani ya Congress, Siddaramaiah akawa waziri kiongozi, D. K. Shivakumar akawa naibu wake.

Mtaona 135 ni nyingi mno. Lakini Karnataka ukishinda kwa kubahatisha, hulali usingizi. Mwaka 2018 BJP walipata 104, pungufu kidogo tu. Gavana, na huyu ndiye anayeteuliwa kutoka Delhi, akamwapisha B. S. Yediyurappa wa BJP na kumpa siku 15 atafute wingi. Siku 15 za kutafuta wabunge wa watu wengine, fikirieni wenyewe! Congress na JD(S) walishajua mchezo: wakawapakia wabunge wao kwenye mabasi, wakawapeleka hotelini, kisha wakawavusha hadi Hyderabad, katika jimbo jingine kabisa. Wabunge wazima wamefungiwa ndani kama mwali, hawatoki, hawaonani na mgeni. Mahakama ya Juu ikasema hapana, kura ipigwe bungeni kesho. Yediyurappa akajiuzulu kabla haijapigwa, hata siku tatu hazijatimia. Uwaziri kiongozi ukaenda kwa H. D. Kumaraswamy wa JD(S), mwenye viti 37!

Imeisha? Wapi. Mwaka uliofuata kundi la wabunge wa upande wa Kumaraswamy wakajiuzulu, wakaonekana hotelini Mumbai. Julai 2019 kura ikapigwa bungeni, 99 kwa 105, serikali chini, na Yediyurappa huyo akarudi kitini. Kuna sheria dhidi ya kuhama chama tangu 1985. Ndiyo maana hawakuhama, walijiuzulu kwanza. Mimi hapo nilivua kofia.

Turudi 2023, kwenye yale mabasi ya mjini. Congress waliahidi mambo matano, na la kwanza kuanza, Juni 2023, lilikuwa wanawake wa Karnataka kupanda bure mabasi ya kawaida ya serikali. Kondakta anakuja na kamashine kake, mama anaonyesha kadi yenye anwani ya hapa, anakatiwa tiketi ya sifuri. Ananifikia mimi. "Kadi?" Natoa pasipoti. Anaigeuza, anaangalia nembo ya twiga wawili... eh, sorry, bibi na bwana na mwenge, anacheka, ananikatia tiketi ya kulipa. Akina mama wote wananiangalia kwa huruma! Waliochukia zaidi ni madereva wa bajaji, abiria wao wameyeyukia kwenye basi. Na Januari 2025 nauli zikapanda asilimia 15, basi wanaume ndio waliosikia maumivu. Na mimi.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 2024 ukaja uchaguzi wa nchi. Karnataka ina viti 28 Delhi. Wapiga kura walewale, mabasi ya bure wanayapanda, kila mama mwenye kaya iliyokubaliwa anapewa rupia 2,000 kwa mwezi. Wakampa BJP viti 17, Congress 9. Viwili vilivyobaki ni vya JD(S), ambao safari hii walikuwa wameungana na BJP, ndiyo, haohao!

Nikamuuliza mama mwenye nyumba wangu, tunamwita Aunty: bili yako ya umeme inakuja sifuri kwa sababu ya Congress, mbona ukampa Modi? Akaniangalia kama mtoto. "Bili ya umeme haiji kutoka Delhi," akasema, akaendelea kuchambua dengu zake.

Uchaguzi wa jimbo unaofuata hapa ni 2028. Video ijayo nataka niende Mysuru kwenye kile kiwanda cha wino, walinzi wakinikubalia getini. Wasipokubali nitawaonyesha geti.