Nipeni Urefu wa Kome, Si Nukta kwenye Ramani

Ndugu zangu, ramani za mtawanyo wa kome wa maji baridi mmeziona za kutosha. Leo sionyeshi hata moja. Ugomvi wangu ni na zile nukta. Mtu anaingia mtoni, anaokota kome watatu wakubwa, anarudi ofisini anaweka nukta na kuandika "spishi ipo". Ipo vipi? Kome wa lulu wa Ulaya, Margaritifera margaritifera, huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Kundi lake laweza kukaa miongo kadhaa bila mtoto hata mmoja kukua, na nukta ikabaki palepale ikituhadaa.

Sababu iko kwenye uzazi. Dume humwaga mbegu majini, jike huzivuta pamoja na maji anayopumua, na mayai hulelewa ndani ya matamvua yake. Lava (watoto wachanga) wanaotoka, yaani glokidia, wengi hawafiki nusu milimita, na wana siku chache tu za kumpata samaki. Tena si samaki yeyote! Hawa wa kome wa lulu wanataka salmoni au trauti. Wakimdandia mwingine, kinga ya mwili wake huwabwaga mapema na habari yao imeishia hapo. Wakimpata anayefaa, ngozi ya matamvua huwafunika, wakakaa humo miezi, kipindi chote cha baridi, ndipo waanguke. Sasa jenga bwawa linalomzuia samaki huyo. Kome walio juu ya bwawa wataendelea kumwaga glokidia kila mwaka, kazi bure.

Na akianguka salama, bado. Kome mchanga hujifukia kwenye changarawe kwa miaka kadhaa, akipumua maji yanayopenya kati ya punje. Tope laini kutoka shambani au barabarani likiziba nafasi hizo, oksijeni inakwisha na mtoto anakufa. Mzee je? Matundu yake ya kuvutia maji yako juu ya tope, anavumilia. Ndiyo maana mnakuta wazee watupu, halafu mnaniambia mto uko salama.

Najua kuna anayetaka kuniuliza: mbona kome zebra anasambaa bila samaki? Jamani. Huyo, Dreissena polymorpha, hayumo kabisa katika oda ya Unionida, kundi la kome wa maji baridi tunaowazungumzia. Lava wake huogelea wenyewe. Akikua hujibandika kwa nyuzi juu ya gamba la kome wetu, tabaka juu ya tabaka, mpaka mwenye gamba anashindwa kulifungua. Tumweke pembeni.

Twende kazini. Chukueni fremu ya sentimita 50 kwa 50 ya kulaza chini mtoni. Vituo vya kuiweka vipangwe kwa bahati nasibu. Ukichagua pale unapowaona kome, umeshajipa jibu. Okoteni wa juu kwanza, kisha chimbeni sentimita 15 na kuchekecha. Chekeche ya matundu ya milimita 6 hupoteza watoto wadogo kabisa, kwa hiyo wekeni nyingine chini yake yenye matundu madogo zaidi. Pimeni urefu wa kila kome, si wa wale waliokaa vizuri mkononi. Mkichora grafu ya urefu na upande wa wadogo ukawa mtupu, hilo ni kundi linalokufa kwa uzee, hata kama mmehesabu mamia. Magamba matupu yapewe safu yake: lenye mabaki ya nyama ni kifo cha karibuni; lililopauka na kumenyeka huenda limesombwa kutoka mbali. Na wakati wa kuwarudisha msiwarushe! Wapandeni mlipowatoa, upande wenye matundu ukielekea juu.

Uanuwai, yaani wingi wa spishi, nimeupunja; najua ndio uliotangazwa kuwa mada ya leo. Haraka basi: Unionida ina spishi zaidi ya 900 katika familia 6, kila bara isipokuwa Antaktika. Amerika Kaskazini pekee ina takriban 300, na huko ndiko msiba ulikokolea. Mwaka 2023 Marekani iliondoa aina 8 za kome kwenye orodha yake ya viumbe walio hatarini kwa kuwa zimetoweka, nyingi za jenasi Epioblasma. Baadhi ya majike wa jenasi hiyo humbana samaki kichwa na kumpulizia glokidia. Ustadi wote huo haufai kitu samaki asipofika. Afrika ina familia yake peke yake, Iridinidae. Ziwa Tanganyika lina Pleiodon spekii na Grandidieria burtoni wasiopatikana kwingine. Etheria elliptica, kome mwingine wa Afrika, hujigandisha kwenye mwamba na gamba lake kufuata umbo la mwamba, basi msimtambue kwa umbo la nje.

Naona naonyeshwa saa. DNA ya majini, yaani chembe za urithi ambazo viumbe huziacha majini, siifikii, ila kwa wanaotaka kuchota chupa ya maji na kuacha fremu nyumbani: chupa itawaambia spishi ipo. Urefu haiwapi. Haya, maswali.