Vidato 163 vya Mtaa wa Moraga

Neema: Karibuni tena jamani. Mimi ni Neema, niko Oakland, California, na mwenzangu yuko kwenye kona yake ya siku zote.

Faraji: Faraji hapa, Mwanza. Habari za huko, dada?

Neema: Njema, kaka. Mama hajambo?

Faraji: Hajambo, anakusalimu sana.

Neema: Zimefika. Kaka, Jumapili nilivuka daraja nikaenda San Francisco, na tangu siku hiyo kuna jambo limenikaa moyoni. Ngazi.

Faraji: Ngazi za nyumba?

Neema: Za mtaa. Ngazi ambazo ndiyo barabara yenyewe. Wewe mtu wa Mwanza utanielewa haraka kuliko mtu wa Dar.

Faraji: Hapo umenifikia. Nimekulia juu ya kilima, mawe makubwa kuliko nyumba, na njia ya kupandia ni vidato vya mawe na saruji. Kila mwenye nyumba kajenga kipande cha mbele ya mlango wake. Huyu kidato chake kirefu, yule kifupi. Ukiwa na ndoo ya maji kichwani huwezi kuangalia chini, kwa hiyo mguu unakariri wenyewe.

Neema: San Francisco nayo ni vilima vitupu. Lakini waliopima mitaa yake walichora kwa rula, mraba kwa mraba, kama vile ardhi ni tambarare. Mstari ukapanda kilima bila kujali. Kwenye mwinuko mkali gari halipiti, basi mtaa unakatika na inawekwa ngazi ya zege. Kwenye ramani unasoma jina la mtaa, ukifika unakuta vidato. Ngazi za namna hiyo mjini ziko mamia.

Faraji: Na nani anazitunza? Maana barabara ya magari ikitoboka mji mzima unalalamika. Ngazi ikimeguka, wanaojua ni wanaokaa juu tu.

Neema: Ndiyo maana nyingine ziligeuka majalala. Kuna ngazi za Filbert, kwenye kilima cha Telegraph. Mama mmoja mkazi wa pale, Grace Marchant, alianza mwaka 1949 kuondoa takataka pembeni ya zile ngazi na kupanda maua. Aliendelea miaka na miaka. Alifariki 1982, na ile bustani mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Faraji: Zaidi ya miaka 30. Na shamba si lake.

Neema: Si lake, kaka. Sasa mimi nilikwenda upande wa pili wa mji, kunakoelekea bahari ya Pasifiki. Mtaa unaitwa Moraga, kati ya barabara ya 15 na ya 16. Kabla ya 2003 ilikuwa ngazi ya zege kama zege lingine lolote. Jirani mmoja akaja na wazo la kuipamba kwa vigae, akampata jirani wa pili wa kushikana naye mkono. Wakatafuta wasanii wawili, Aileen Barr, fundi wa vigae vya udongo, na Colette Crutcher, fundi wa michoro ya vipande vipande. Kazi ilichukua miaka miwili na nusu. Ngazi zikazinduliwa Agosti 2005.

Faraji: Miaka miwili na nusu kwa ngazi moja?

Neema: Vidato 163. Na kila kidato kina mchoro wake, kwa hiyo ni michoro 163 inayoungana kuwa mmoja. Chini kabisa unaanza na bahari, samaki, makombe. Unapanda unaingia nchi kavu, majani, maua, wanyama. Halafu ndege. Halafu anga la usiku, mwezi na nyota, na juu kabisa jua. Vigae vilivyotengenezwa kwa mkono ni zaidi ya 2,000, na vile vipande vidogo vya vigae, vioo na glasi ya rangi ni kama 75,000.

Faraji: Subiri hapo. Mzee wangu alikuwa mwashi, kwa hiyo lazima niulize. Kigae kikilowa kinateleza, na kwenye ngazi hilo ni jambo la kuvunja mtu kiuno. Na huko nasikia kuna ukungu mwaka mzima.

Neema: Ukungu wa kulowesha nywele. Ndiyo maana pale unapokanyaga hapajaguswa, ni zege lilelile. Vigae vimewekwa kwenye ule uso uliosimama tu, unaotazamana nawe ukiwa unapanda.

Faraji: Ahaa. Basi walikuwa na fundi mwenye akili.

Neema: Na hapo kuna kitu sikukitegemea. Ukisimama chini, unaona mto wa rangi unamwagika kutoka kilimani. Nikapanda polepole nikishangaa, nikafika juu, nikageuka. Kijivu! Ngazi nzima kijivu, hamna samaki, hamna nyota. Zege tupu mpaka barabarani. Nikadhani macho yangu. Nikashuka vidato kumi, nikageuka nyuma, rangi zote zimerudi.

Faraji: Kwa hiyo picha ni ya anayepanda.

Neema: Ya anayepanda. Anayerudi nyumbani amechoka na mfuko wa nyanya mkononi, ndiye anayeionea raha.

Faraji: Hilo limenigusa, dada. Mama yangu alikuwa anapumzika mara tatu kabla ya kufika nyumbani, na kila anapopumzika anatazama ukuta wa mawe. Hebu niambie waliunganishaje vile vipande. Walikaa pale kwenye ngazi?

Neema: Hapana, vilipangwa kwanza juu ya wavu, mezani, kipande kwa kipande, kidato kwa kidato. Kisha ule wavu pamoja na vipande vyake unabandikwa kwenye zege kwa saruji ya kubandikia, na mianya inajazwa. Na wakazi wa kawaida walikaribishwa waje kupanga vipande. Waliojitolea walizidi 300.

Faraji: Sasa hapo ndipo penye uhai wa kazi yenyewe. Mtoto aliyebandika jicho la samaki hatakubali mtu amwage taka juu ya samaki wake.

Neema: Na kuna majina. Nilipiga magoti kuyasoma, watu wakawa wananizunguka na kamera zao. Kwenye kigae cha samaki, cha ndege, cha mnyama, kumeandikwa jina la mtu au familia iliyochangia hela. Zaidi ya majirani 220 walichangia kwa njia hiyo. Herufi zimechongwa ndogo kabisa, lazima uiname.

Faraji: Hela zote zilitoka kwa majirani?

Neema: Kubwa ni hiyo, pamoja na wafadhili wengine na chama cha wakazi wa eneo lile. Na hawakuishia kwenye vigae. Pembeni ya ngazi kulikuwa na magugu na mchanga, maana kile kilima asili yake ni mchanga wa pwani. Wakapanda mimea ya asili ya pale pale. Kuna kipepeo mdogo wa kijani anayeishi kwenye vilima vile, alikuwa amebakiwa na vipande vichache vya ardhi, na wapenda mazingira wamekuwa wakipanda mimea anayotagia mayai ili aweze kuvuka kutoka kilima hadi kilima. Bustani za ngazi zimekuwa kama vituo vyake vya njiani.

Faraji: Ngazi ya watu na ya vipepeo. Na majirani wa mitaa mingine wakaona wivu?

Neema: Wivu mzuri. Mitaa michache kutoka pale kuna ngazi nyingine ya vidato 148, ilimalizika 2013 na wasanii walewale wawili.

Faraji: Hii habari ya vigae kwenye ngazi mimi niliijua ya Brazil. Rio de Janeiro, yule bwana wa Chile.

Neema: Jorge Selarón! Na wazo la Moraga chimbuko lake ni huko huko. Msimulie msikilizaji.

Faraji: Alianza 1990, ngazi iliyo mbele ya nyumba yake imechakaa. Akaanza kuitengeneza mwenyewe, kwa vigae vya buluu, kijani na njano, rangi za bendera ya Brazil. Vingine aliviokota kwenye vifusi vya ujenzi. Baadaye wageni wakawa wanamletea, kutoka nchi zaidi ya 60. Vidato 215. Akikosa hela anauza picha zake ili anunue vigae. Akawa anang'oa na kubadilisha, hakumaliza mpaka alipofariki, Januari 2013, pale pale kwenye ngazi zake. Mimi namheshimu sana, lakini huwa najiuliza, kazi ya mtu mmoja ikibaki bila mtu mmoja inakuwaje?

Neema: Rio iliipa ulinzi kama alama ya mji akiwa bado hai, mwaka 2005. Lakini swali lako ni la haki. Istanbul, mwaka huohuo wa 2013, mhandisi wa misitu mstaafu, Hüseyin Çetinel, alipaka ngazi ya mtaani kwake rangi za upinde wa mvua kwa hela yake. Asubuhi moja watu wakaamka wakakuta imepakwa kijivu. Wakazi walikasirika hadi rangi zikarudishwa, na miji mingine ya Uturuki ikaanza kupaka ngazi zake.

Faraji: Hapo kijivu kililetwa na wakubwa. Lakini Seoul, Korea Kusini, kijivu kililetwa na wakazi wenyewe.

Neema: Hiyo sijaisikia.

Faraji: Kijiji cha Ihwa, mtaa wa kilimani wa watu wa kipato cha chini. Mwaka 2006 ukaja mradi wa serikali wa sanaa. Ukutani michoro, kwenye ngazi moja maua, kwenye nyingine samaki, za vigae kama hizo zako. Zikapendwa na watalii. Watu wakawa wanakuja alfajiri, wanakuja usiku, kelele, takataka, wanachungulia madirishani. Aprili 2016 baadhi ya wakazi wakachukua rangi ya kijivu wakafunika maua na samaki.

Neema: Jamani.

Faraji: Na mimi siwalaumu. Mtu amekaa nyumbani kwake, mama mzee ndani mgonjwa, nje watu hamsini wanapiga picha kwenye mlango wake. Uzuri ule haukuanzia kwake. Hakuna aliyemwita mezani akamwambia, bandika hapa jicho la samaki.

Neema: Kwa hiyo ukiniambia leo tupambe ngazi ya kwenu, unaanzia wapi?

Faraji: Siendi dukani kununua rangi. Kuna kidato cha saba kutoka chini, kimemeguka pembeni tangu mvua za masika. Maji yanapita pale kwa sababu mtaro umeziba. Nianze na huo mtaro. Tuzibue, tuzibe kidato kwa saruji, tuweke bomba la chuma la kushikilia kwa ajili ya wazee. Halafu ndiyo tuongee habari za samaki.

Neema: Sato na sangara.

Faraji: Na dagaa, wa kidato kizima! Lakini kwanza kwa mama anayeuza maandazi pale chini, maana yeye anawajua wote wanaopanda na saa wanazopanda. Akikubali yeye, nyumba zilizobaki nitagonga mlango mmoja mmoja.

Neema: Ngazi ina vidato vingapi?

Faraji: Nimepanda miaka 30, sijawahi kuhesabu. Kesho nikishuka kwenda kazini nitahesabu, nitakutumia ujumbe.