Kabla hujalipia mashine, uliza bodi yake ya umeme inatoka wapi

Ndugu zangu wenye viwanda, mnaonijua mshajua naanzia wapi, naanzia kwenye inverta, kile kifaa kinachoongoza spidi ya mota. Kila nikiitwa naongelea inverta na nitaendelea mpaka niione imeandikwa kwenye proforma zenu, zile hati za bei mnazopewa na muuzaji kabla ya kulipa.

Kuna kiwanda cha unga, jina niacheni nalo, mwaka 2022 inverta ya mashine ya kupakia ikaungua. Kidude unakibeba kwa mkono mmoja. Wakala akawaambia subirini kama miezi saba, chipu za kielektroniki zimeadimika dunia nzima. Mafundi wetu sio watu wa kukaa, wakaitoa wakaipa mota umeme wa moja kwa moja, mota ikazunguka vizuri tu ila spidi hairekebishiki, paketi ya kilo 2 hii inatoka na kilo moja na robo tatu, ile mbili na robo, na Wakala wa Vipimo kwa hilo hawana msamaha. Mashine ikazimwa. Kina mama wakakaa mezani na mizani na bakuli wanajaza unga kwa mkono, huku rejesho la benki liko palepale.

Najua kuna mtu anasema, si wangechukua inverta ya kampuni nyingine pale Gerezani, Dar? Walichukua jamani! Imefungwa, imewaka, PLC, yaani kompyuta inayoongoza mashine, haiisomi, programu yake ina paswedi na paswedi anayo aliyeuza mashine. Hapa ndo huwa napandisha sauti, mnisamehe. Mnabanana na muuzaji kwenye bei wiki nzima, halafu hamna hata mmoja anayeuliza: hii bodi ikifa naweza kuweka ya kampuni nyingine? Programu mnanipa nakala? Asipojibu kwa maandishi, advansi usitoe.

Mwingine ananiambia uhaba wa chipu ni mambo ya Korona, yalishapita. Yalipita wapi? Februari 2021 baridi ya Texas ilizima viwanda vya chipu pale Austin, Machi moto ukaunguza kiwanda cha chipu cha Renesas kule Naka, Japani, siku chache baadaye meli ya Ever Given ikaziba Mfereji wa Suez siku sita. Tukapumua kidogo, mwishoni mwa 2023 Wahouthi, wale waasi wa Yemen, wakaanza kushambulia meli Bahari Nyekundu, mzigo wa Hamburg kuja Dar ukawa unazungushwa kusini kabisa mwa Afrika. Na wewe unayesema nanunua China sipiti Suez, meli zikienda njia ndefu zinachelewa kurudi, zinapungua na makontena yanapungua, nauli inakupanda na wewe hapohapo.

Kwa hiyo weka spea stoo mapema. Hela yake kulala, eeh, italala. Piga hesabu mashine ikisimama siku moja unapoteza shilingi ngapi, zidisha kwa siku zote za miezi saba, uniambie ipi inauma zaidi. Na sisemi ununue kila kitu, beringi na kontakta zipo mjini, weka inverta moja, bodi ya PLC na zile sensa za oda maalum, basi.

Mashine za mtumba nilitaka niziongelee kwa kirefu, muda hautoshi, ila fungua paneli usome namba za bodi kwanza, nyingine zilishaacha kutengenezwa zamani. Faini ya muuzaji akichelewesha mzigo iwemo kwenye mkataba. Haya, nani kaja na proforma? Ilete hapa mbele tuisome wote.