Kadi ya mafuta: waonyeshe wanafunzi moshi unaoingia mapafuni

Walimu wenzangu, karibuni Kigoma. Leo hatuhitaji maabara. Tafuta kadi nyeupe nne, mafuta ya mgando, uzi na lensi ya kukuzia. Lensi ukikosa, kamera ya simu inatosha.

Paka kadi mafuta upande mmoja, kidogo sana. Tazama kidole changu: kinateleza tu, hakichoti. Ukijaza, joto linayayeyusha yanachuruzika. Mimi nilishaharibu kadi za darasa zima. Nyuma andika mahali na tarehe.

Sasa tundika. Moja iwe kwenye jiko la kuni, mbali na moto, usawa wa uso wa mpishi. Nyingine kando ya barabara ya vumbi, chini ya upenu mvua isiifikie. Ya tatu darasani. Ya nne ifungie ndani ya kopo. Hiyo ya kulinganishia usiisahau, maana kuna mtoto atauliza umejuaje kama kadi hazikuwa chafu tangu mwanzo, na atakuwa na haki.

Baada ya siku tatu, zitoe. Hii yangu ilikaa jiko la kuchemshia mawese. Isugue: nyeusi, laini, inapaka kama wino. Hayo ni masizi. Ya barabarani ni nyekundu, inakwaruza. Waache wasugue wenyewe kabla hujasema neno.

Kisha eleza. Chembe kubwa hunaswa na vinyweleo vya pua na kamasi, ndiyo maana ukishinda jikoni unapenga weusi. Zile za mikromita 2.5 kushuka chini (unywele wa kichwani una kama 70) hupenya hadi kwenye vifukohewa vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huweza kuingia kwenye damu. Hizo hata lensi hii haizioni moja moja, kwa hiyo wasije wakadhani kadi safi ni hewa safi.

Malizia na mrija wa soda, kila mmoja na wake. Moshi ukiwasha njia za hewa, zinavimba na kujaa makohozi; nafasi inabaki finyu. Wabane pua, wapumue kwa mrija sekunde 20, anayesikia kizunguzungu aache. Mwenye pumu hashiriki, yeye ashike saa. Wakimaliza, akiridhia, mpe nafasi aseme kama walichoonja kinafanana na anachokijua.

Kazi ya nyumbani: kadi mbili, jiko lilelile, siku moja mlango umefungwa, siku nyingine uko wazi.