Mchoro Mtulivu Ndani ya Nyumba ya Sukari

Habari zenu ndugu zangu, shikamooni mama zangu na baba zangu mnaonitazama kutoka nyumbani. Leo niko Den Haag, hapa Uholanzi. Humu ndani ya makumbusho hatupazi sauti, kwa hiyo sogezeni simu karibu.

Mchoro huu ni wa Frans Post, kijana wa mji wa Haarlem. Aliuchora mwaka 1637 nchini Brazili, na unaonyesha kisiwa cha Itamaracá. Upana wake haufiki hata mita moja. Maji yametulia, ng'ambo kuna kilima, chini yake ngome, na huku mbele Mzungu amepanda farasi. Karibu naye amesimama Mwafrika, kikapu kichwani. Hakuna anayegombana na mtu. Kwa wataalamu, hii ni kati ya picha za mwanzo kabisa za mandhari ya Amerika zilizochorwa hukohuko na mchoraji wa Kizungu aliyesomea kazi hiyo.

Sasa niwaambie utulivu huu ulilipiwa na nini.

Post hakwenda kutembea. Alichukuliwa na gavana Johan Maurits, aliyetumwa na Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi, kampuni ya biashara, kutawala eneo la Brazili ambalo Waholanzi walikuwa wamewanyang'anya Wareno. Walichokifuata ni sukari. Miwa ikishakatwa haingoji, juisi yake huharibika upesi, kwa hiyo wakati wa mavuno vinu vilisaga usiku na mchana, na majiko ya kuchemshia hayakuzimwa. Kazi ile iliua watu haraka, na wenye mashamba waliona nafuu kununua wengine kuliko kuwatunza waliopo. Johan Maurits mwenyewe aliwaandikia wakuu wake kwamba bila watumwa Brazili haiendi.

Tazameni miaka sasa. Picha ni ya Machi 1637. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, meli alizozituma gavana huyuhuyu ziliiteka ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo. Mwaka 1641 wakaichukua Luanda, Angola. Mnaona mpango ulivyo? Shamba upande huu wa bahari, ghala la watu upande ule. Katika utawala wake zaidi ya Waafrika 20,000 walivushwa kwenda kuuzwa Brazili.

Na jengo hili nililosimama ndani yake? Ni nyumba aliyojijengea yeye, Mauritshuis. Watu wa zama zake waliiita Nyumba ya Sukari. Mwaka 2018 kulizuka mabishano makali nchini baada ya nakala ya sanamu yake kuondolewa ukumbini, na mwaka uliofuata makumbusho yakafanya maonyesho mazima kuhusu yeye na utumwa. Mimi nawapongeza kwa hilo. Ukweli haubomoi jengo.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Post alirudi Haarlem mwaka 1644. Mwaka 1654 Waholanzi wakafukuzwa Brazili kabisa, lakini yeye akaendelea kuichora Brazili kwa miaka mingi: minazi, vinu vya sukari, watumwa wanacheza ngoma. Matajiri wa hapa walizinunua wakazitundika sebuleni. Kwenye vinu vile vya rangi hutaona kidole kilichosagwa wala mjeledi, na sidhani aliyafumbia macho kwa bahati mbaya, maana miaka saba alikaa kule. Mnunuzi alitaka mandhari, naye alimpa mandhari. Ni stadi mno wa mwanga, nakubali. Ndiyo maana picha zake zinanikasirisha kuliko picha mbaya.

Lakini kuna Mwafrika mwingine wa miaka hiyohiyo ambaye tunajua jina lake. Mwaka 1643 Soyo, katika ufalme wa Kongo, ilimtuma mjumbe wake Dom Miguel de Castro kwa Johan Maurits kule Recife, Brazili, kisha akafika hapa Uholanzi. Walimchora kofia ina unyoya, mavazi ya kibwana, anakutazama usoni. Picha yake iko Copenhagen, na video ijayo nataka niifanye huko. Ndugu zangu wa Kongo, kama shuleni mlifundishwa habari za wajumbe hawa wa Soyo, niandikieni hapo chini mliambiwa nini, nitazisoma zote kabla sijasafiri.